Waya wa Mvunguni

Kabla hujanitamkia neno draiva, kijana wangu, na kabla hujafungua simu kutafuta video, nijibu jambo moja: umeushika waya kwa mkono wako, kutoka mwanzo hadi mwisho? Sijauliza kama umeuona. Nimeuliza kama umeushika.

Mnakuja hapa kwangu Temeke, leo mmoja, kesho wawili, mnaamkia vizuri, mnakaa barazani, na swali ni lile lile. "Mzee Pazi, kompyuta haiioni printa." Jicho langu la kushoto limekwisha, la kulia linajikongoja, kazi nimeiacha, na bado mnakuja. Sasa nimeona niandike. Kwanza nimechoka kurudia. Pili, kuna sehemu ya habari hii siwezi kuisema kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili mbele yenu, na mara zote mbili niliikatiza katikati nikajifanya nataka kahawa.

Sehemu hiyo inamhusu mama mmoja wa Vingunguti na picha ya mwanawe, picha pekee aliyokuwa nayo duniani. Niliifuta mimi. Nitafika huko, msinisukume.

Kazi nilifundishwa na Mzee Mwombeki, Mhaya mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza taipureta Kariakoo, zamani kabla kompyuta hazijajaa mitaani. Siku yangu ya kwanza alinitupia nyaya sita mezani, akaniambia nifumbe macho, nizipapase, nimwambie upi mbovu na ubovu wenyewe uko wapi. Nikapapasa. Joto la bati linaniwakia kichwani, jasho linanitiririka. Mwisho nikasema ni ule wa tatu, karibu na kichwa. Nikala kofi la kisogo.

"Zote nzima," akasema. "Umesema uongo ili umalize. Fundi mwenye haraka ni mwongo hata kabla hajafungua mdomo."

Nilimchukia karibu mwezi mzima. Lakini vidole vyangu vilijifunza. Mpaka leo, nikiupitisha waya kati ya kidole gumba na cha shahada, najua palipokunjwa, palipoungua, palipokanyagwa na mguu wa kiti. Hilo hakuna video itakayokufundisha.

Jambo la pili alilonifundisha ni kumuuliza mwenye mashine: nini kilibadilika? Jueni mapema kwamba jibu huwa moja. "Sijagusa kitu." Nimeambiwa sijagusa kitu na karani wa ofisi moja ya Kinondoni aliyekuwa ameichomoa printa ukutani ili achomeke birika la chai, na chai yenyewe alikuwa ameishika mkononi akinijibu. Nimeambiwa sijagusa kitu na mwalimu wa Kimara aliyeuchomoa waya wa printa akapangusa vumbi, kisha akaurudisha kwenye tundu la intaneti. Waya wa USB unaingia mle, enyi vijana, tena unatulia kabisa kama umefika kwao. Mwalimu aliniomba nimwekee draiva upya, akaomba nimletee printa mpya, akanieleza na historia ya printa zote za shule yao. Nilipouhamisha waya na karatasi ikatoka, alinitazama kwa hasira kama mimi ndiye niliyeuweka kule.

Hatukuwa na mambo hayo zamani. Nyaya za printa zilikuwa nene, kichwa kina skrubu mbili pembeni, ukishafunga huo hautoki mpaka fundi aje. Zikaja hizi za USB, za kuchomeka na kuchomoa, na kila mtu akawa fundi. Sasa mna printa zisizo na waya kabisa, na mnadhani mmepona. Hamjapona. Badala ya kutafuta waya unatafuta nywila ya mtu aliyehama ofisi.

Basi fuateni hivi, na msiruke. Anza na umeme, uone taa ya printa inawaka. Halafu waya, wote, kwa vidole. Halafu uhamishie kwenye tundu jingine la kompyuta, maana matundu nayo huchoka. Halafu weka waya mwingine unaoujua kuwa mzima. Fundi asiye na waya wa akiba begini ni mtembezi tu. Halafu ipeleke printa kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana kule, mgonjwa ni kompyuta. Isipoonekana na kule, mgonjwa ni printa. Hapo ndipo unaruhusiwa kuingia ndani, utazame orodha ya vifaa, uisafishe foleni ya kuchapa iliyoganda, uondoe draiva uiweke upya, maana hiyo ndiyo inayoifundisha kompyuta kuongea na printa. Na kama printa leo inaonekana, kesho imepotea, ukiigusa meza inarudi, usihangaike na programu. Programu haitikisiki kwa kuguswa meza.

Hayo yote niliyajua. Niliyajua vizuri kuliko ninavyoyajua leo. Ndiyo maana sina kisingizio.

Sasa kuna dawa moja ambayo sisi mafundi wa mtaani tuliigeuza panadoli. Kompyuta nzito, tunapiga window. Ina virusi, tunapiga window. Haitoi sauti, tunapiga window. Maana yake tunafuta kila kitu kilichomo, tunaweka mfumo mpya, mashine inawaka kama imetoka dukani jana. Mteja anafurahi kwa sababu anaona kitu kipya kwenye kioo. Fundi anafurahi kwa sababu hahitaji kufikiri. Mzee Mwombeki hakuipenda. Alikuwa akisema daktari anayemzika mgonjwa ili aiondoe homa naye ameiondoa homa. Tukacheka, tukaendelea kupiga window, na nadhani nimewafundisha vijana wengi kufanya hivyo. Mungu anisamehe kwa hao pia.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe mpya, mke wangu ameipiga pasi mpaka mikunjo inakata, naelekea msikitini. Zuhura akanipigia simu. Huyu Zuhura alikuwa binti wa rafiki yangu, ana steshenari yake Vingunguti, si mbali na machinjioni: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake tangu afungue mlango.

"Mzee wangu, shikamoo. Nisaidie jamani, printa haionekani tena. Mie nimechoka."

Nikamwambia napita dakika kumi, nina swala. Nikiwa najua vizuri kwamba hakuna kazi ya dakika kumi.

Nilipoingia, kwenye benchi la wateja amekaa mama mmoja, kanga kichwani, nyingine mabegani, mikono ameilaza mapajani. Nikamsalimu huku napita.

"Habari, mama."

"Nzuri."

Nikapita.

Hapa naomba msimame kidogo, maana makosa yangu ya siku ile hayakuanzia kwenye kompyuta. Mnajua sisi tulivyo. Habari ya kwanza kila mtu hujibu nzuri. Aliyelala njaa hujibu nzuri, anayetoka hospitali hujibu nzuri. Ndiyo maana wazee wetu hawakuishia hapo. Walirudia: habari za nyumbani, watoto hawajambo, za tangu jana. Ni kwenye ile ya pili au ya tatu ndipo mtu anavuta pumzi anakwambia, ah, si nzuri sana. Mimi nilikuwa na haraka. Nikachukua nzuri ya kwanza nikaenda nayo.

Zuhura akanieleza. Wiki ya pili sasa printa inaonekana na kupotea. Ukisogeza meza kidogo inarudi, halafu inapotea tena. Leo asubuhi imegoma moja kwa moja, kompyuta inasema kuna kifaa kimechomekwa lakini haikitambui. Mmesikia hapo? Ukisogeza meza inarudi. Mtoto wa darasa la kwanza angesema ni waya.

Nikaushika waya upande wa printa, umekaza. Nikaushika upande wa kompyuta, umekaza. Katikati ulikuwa umepita nyuma ya meza, ukashuka chini, mvunguni, kwenye maboksi ya karatasi na vumbi la miaka, na kwa ile harufu nilijua na panya wamo. Vingunguti panya wanakula vizuri, wananenepa. Kuufuata ule waya ilikuwa lazima nipige magoti, niingie kifua chini kama mtu anayetafuta shilingi. Nikaitazama kanzu yangu.

Sikuinama.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tumeimba tangu shule ya msingi. Nikakaa kwenye kiti, safi kabisa, nikaanza kubofya. Nikazima nikawasha. Nikaondoa draiva nikaiweka tena. Haikuonekana. Nikaangalia saa. Nikamwambia Zuhura, kwa sauti ile ya fundi asiyejua lakini hataki ijulikane, "Hii mfumo wake umeoza. Tupige window."

"Piga tu, mzee, ilimradi ipone."

"Kuna kitu cha muhimu humu?"

"Hamna. Vya kwangu nimeviwekaga kwenye flashi. Humo kuna vitu vya wateja tu."

Vitu vya wateja tu. Nimelirudia neno hilo miaka mingi, nikijaribu kumpa Zuhura sehemu ya mzigo wangu, na halinikubalii. Yeye alidhani kupiga window ni kama kumwogesha mtu: uchafu unatoka, mtu anabaki. Hakujua kwamba maana yake ni kufuta. Sikumweleza. Lilikuwa neno letu la kazi, na maneno ya kazi yana utamu wake, yanamfanya mteja anyamaze. Ningesema tu, "Mwanangu, kila kilichomo kitapotea, na picha za watu zitapotea," angesema ngoja. Na yule mama wa kwenye benchi angesikia.

Nikaweka flashi yangu, nikabonyeza futa, nikabonyeza ndiyo, nikabonyeza ndiyo tena. Ile ndiyo ya pili huwa wanaiweka makusudi ili ufikiri. Nikauacha mfumo mpya ukijiweka wenyewe, nikaenda kuswali. Kumbukeni, nilikwenda nimetulia.

Niliporudi mashine ilikuwa imemaliza, inang'aa. Mama bado yuko kwenye benchi, amekaa vilevile. Nikaiunganisha printa. Kompyuta ikaniandikia: kifaa hakitambuliki.

Ule mshtuko sitausahau. Si kwa sababu ya picha, picha nilikuwa siijui bado. Ni kwa sababu nilijua sasa kwamba nimefuta bure, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Nikavua kanzu, nikaikunja juu ya kiti, nikabaki na singlendi na suruali ya ndani, mzee mzima mbele ya wanawake wawili, nikapiga magoti nikaingia mvunguni. Nikaondoa maboksi. Nikaukamata waya kwa vidole viwili nikaanza kuufuata. Hatua tatu tu. Panya walikuwa wameuguguna, ganda limeliwa urefu wa kidole, nyuzi mbili zimekatika na nyingine zinagusana kwa bahati. Nikatoa waya wa akiba begini, nikauchomeka. Printa ikalia, kompyuta ikaitikia. Nadhani haikuchukua dakika mbili.

Nikiwa bado najipangusa mavi ya panya magotini, wakaingia wanawake wawili, kanga nyeusi, wanahema. Mmoja akamwendea yule mama wa benchini.

"Mama Anneth, jamani! Tunakuzunguka mtaa mzima. Wewe ndiye mwenye msiba, unakaa huku steshenari?"

Zuhura akashika mdomo. Mimi nikasimama na waya mkononi.

"Nimefuata picha," mama akasema. "Nisingeweza kumtuma mtu. Nilimleta mwenyewe kupigwa."

Anneth alikuwa na miaka tisa. Homa ya siku tatu. Wiki mbili nyuma mama yake alimleta kwa Zuhura apigwe picha za kuhamia shule nyingine. Zuhura akampiga, akaihamishia picha kwenye kompyuta, akaifuta kwenye kamera ili apate nafasi ya wengine, kama afanyavyo siku zote. Printa ikasumbua. Akamwambia njooni wiki ijayo. Ilipofika hiyo wiki mtoto yuko wodini. Watu hawa walikuwa wa Singida, mwili ulikuwa unasafirishwa kesho yake Jumamosi alfajiri, na mama alitaka picha kubwa itangulie mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Picha za utotoni zilichukuliwa na maji ya mto Msimbazi ulipofurika yakaingia ndani. Simu ya mama ni kitochi, haipigi picha. Majirani walikuwa wameshapekua simu zao, wakapata moja tu, ya sherehe ya mtu, Anneth kwa nyuma anakimbia, amegeuka.

"Sasa printa si imepona?" mama akamuuliza Zuhura. "Nitolee."

Zuhura akakaa kwenye kompyuta. Akatazama kioo kitupu. Akatafuta juu, akatafuta chini, akafungua, akafunga. Akageuka polepole.

"Mzee Pazi, folda la wateja liko wapi?"

Nikasema. Sikutafuta maneno. Nikamwambia mama, "Nimeifuta mimi."

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alisema tu, "Hukujua, mzee wangu."

"Sikuuliza, mama."

Kuna njia ya kufufua vilivyofutwa, na mnaijua. Lakini jueni na mipaka yake. Kitu kikifutwa hakiondoki mara moja, ila nafasi yake inatangazwa kuwa wazi. Ukiandika kitu kipya juu yake, basi. Na mimi nilikuwa nimeandika mfumo mzima juu yake. Nikaitoa diski, nikaifunga kwenye kompyuta yangu ndogo ili isiandikwe tena hata herufi moja, nikaanzisha programu ya kufukua. Ikawa inaleta vipande: robo ya cheti cha mtu, nusu ya barua ya kuomba kazi, tabasamu la mtu nisiyemjua. Majirani walimsihi Mama Anneth arudi mkekani, watu wamejaa nyumbani. Akakataa. Akasogeza benchi karibu na mimi. Kila sura iliyotokea alitikisa kichwa. Si huyu. Si huyu. Adhana ya alasiri ikapita, sikuinuka.

Halafu akasema, "Huyu."

Ilikuwa imebaki juu. Nywele zimesukwa mistari, paji la uso, nyusi, macho. Macho makubwa, yanamtazama mpiga picha kama anayesubiri kuambiwa cheka. Katikati ya pua picha ilikatika, na kuanzia hapo kwenda chini ilikuwa kijivu kitupu. Nikajaribu kila nilichojua. Nikajaribu mpaka nikajua najaribu kwa ajili ya nafsi yangu.

"Haina zaidi, mama."

"Chapa."

Jirani akasema, kwa upole, "Mama Anneth, watu watashtuka."

"Watashtuka mara moja. Mie ndiye nitakayeishi nayo. Chapa, mzee."

Nikachapa. Printa ilifanya kazi vizuri kabisa, haikukwama, rangi safi. Kijivu kilitoka safi kuliko yote. Nilisimama pale nikiisikia inavyovuta karatasi, na nikatamani iharibike.

Alfajiri ya Jumamosi nilikwenda kwenye msiba. Wanawake walikuwa wameitia picha kwenye fremu, wakakunja kitambaa cheupe wakafunika ule upande wa chini, kama mtoto aliyejifunika shuka mpaka puani. Dada mmoja akaishika mbele ya jeneza, msalaba pembeni yake, wakaelekea kwenye gari. Watu walijua, mtaa hauna siri, lakini hakuna aliyeninyooshea kidole. Mmoja alinipisha nipite mbele. Ningependa mjue jinsi inavyouma kupewa heshima mahali kama pale.

Zuhura alihamisha steshenari mwaka uliofuata. Hatukugombana. Aliacha tu kuniita, na mimi nikaacha kupita.

Nikaendelea na kazi miaka mingine kadhaa, macho yaliponiruhusu. Mliofanya kazi na mimi kipindi hicho mnalikumbuka begi langu, na kanga kuukuu iliyokuwa ndani. Mlinicheka. Mlisema Mzee Pazi anatembea na kanga ya bibi. Ilikuwa ya kulalia sakafuni. Nilikuwa nikiingia tu, hata kabla ya kukaa, naitandika naingia mvunguni, na ofisi nzima inaangua kicheko, mabosi wakiwemo. Wacheke. Na diski ya pembeni ninayo mpaka leo. Sikuwahi tena kupiga window kabla sijanakili kila kitu, vya mwenye mashine na vya wateja wake, nikafungua mafaili matatu manne kuhakikisha yanafunguka, halafu nikasema kwa Kiswahili cha nyumbani: vyote vilivyomo vitapotea, ndugu yangu, umenielewa? Wengi walinijibu nimeelewa. Nikawa nauliza mara ya pili.

Mwezi uliopita nilikwenda Kimara kumtembelea binti yangu. Akanituma nyanya. Kwenye genge la pili kutoka barabarani, muuzaji akainua kichwa akaniamkia kabla sijamtambua, jicho langu hili. Nilimjua kwa sauti. Mama Anneth. Amehamia Kimara, ana genge lake, nywele zimeanza kuwa nyeupe.

"Habari, mama," nikasema.

"Nzuri, mzee wangu."

Nikaweka kikapu chini. "Habari za nyumbani?"

"Wote wazima."

"Na wewe mwenyewe, mama? Hujambo kweli?"

Alikuwa anazichagua nyanya, ananiwekea ngumu ngumu. Mkono ukasimama. Mteja mwingine akaja akauliza vitunguu, akahudumiwa, akaenda.

"Ile picha nimeitundika karibu na kitanda," akasema. "Nikiamka namwona. Macho ninayo kila siku. Ila mdomo, mzee, mdomo umeanza kunipotea. Zamani nilikuwaga nauona mwenyewe hata bila picha. Siku hizi nikiutafuta, napata kile kijivu."

Nilikuwa nimeuliza mara tatu, kama inavyotakiwa, na jibu lilipokuja sikuwa na mahali pa kuliweka. Nikamwambia pole.

"Nimeshapoa, mzee wangu," akajibu, kwa sauti ileile aliyonijibia nzuri siku ile kwenye benchi, akanifungia nyanya.